Kigoda cha Mlangoni

Suna, Migori
14 Januari 2023

Kwa mkwe wangu Mama Irine,

Assalaamu alaykum. Na kama salamu hiyo huitaki, pokea ya kwenu, Bwana asifiwe, mimi sibagui. Hujambo? Miguu inakubeba? Sisi huku wazima. Mjukuu wetu Yakub anaongezeka na analia kwa sauti ya mnadani. Mimi sijambo ila sikio la kulia limeshakufa, na la kushoto linajifanya zima. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu sikusikii, na Zubair akitaka kunisaidia huiweka sauti ya nje, mtaa mzima ukajua habari zetu. Barua hii nimeifunga ndani ya leso niliyokutumia kwa gari la Homa Bay. Leso ni yako, usiirudishe.

Sasa nisikilize. Tangu mwanangu Zubair amuoe binti yako Irine, naye akachagua kuitwa Sumayya kwa hiari yake, umekuja kwetu mara chache mno. Ukija asubuhi, adhuhuri haikukuti. Nimenyamaza. Lakini siku ya akika ya Yakub, mwezi uliopita, ulinivunjia heshima mbele ya watu. Tumetandika zulia, tumepanga mito, wanawake wote wamekaa. Wewe ukachukua kigoda cha plastiki cha jikoni, ukakiweka mlangoni, ukakaa upande upande kama mtu anayesubiri gari. Pilau hukuonja. Maji hukunywa. Zubair alipokuja kukusalimu ukageuza uso ukutani. Mtoto hajanyolewa nywele, wewe ushatoweka!

Zubair ni mwanamume mzima, ana duka na ana ndevu, lakini siku ile niliyaona macho yake. Aliniuliza, "Mama, mimi nimemkosea nini mama mkwe?"

Kama unatuona wachafu kwa sababu ya dini yetu, sema. Kama hukumridhia mwanangu, sema pia. Mimi ni muuza nguo, nimetukanwa na wateja wa kila namna na bado nafungua duka asubuhi. Ila mtoto huyu ana bibi wawili tu, na sitaki akue akiuliza kwa nini mmoja hukaa mlangoni.

Nijibu kwa mkono wako, si kupitia kwa watoto.

Bibi yake Yakub,
Ruqia


Lambwe
5 Februari 2023

Kwa Mama Zubair,

Amosi. Ndivyo sisi tunavyosalimu. Natumaini sikio limepata nafuu na mjukuu ananyonya vizuri. Hapa kuna jua kali, mbung'o wamepungua, mahindi niliyovuna si mabaya. Mimi ni mzima. Leso imefika, asante. Nakutumia njugu kidogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilifundisha darasa la tatu mpaka nikastaafu, kwa hivyo nitakueleza polepole, usikasirike.

Kwetu sisi Wajaluo, mimi kwa Zubair ni maro, yaani mama mkwe. Maro hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Halali kwenye nyumba yake. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Binti yangu mkubwa ameolewa na Frankline wa Ndhiwa, Mjaluo kama sisi na mzee wa kanisa, na mpaka leo Frankline hajawahi kuniona nikitafuna. Nikigeuza uso Zubair akija, hiyo si chuki, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ningemtazama machoni huku nikila pilau, hapo ndipo ningekuwa nimemtukana. Nilidhani Irine alishawaambia. Yeye naye pengine alidhani mnajua.

Kuhusu dini, sitadanganya. Irine alipobadilisha jina nililia. Nililia, nikamaliza. Siwaoni wachafu.

Nadhani nimejibu yote uliyouliza. Wewe ni bibi yake, mimi ni dani, kwetu ni neno lilelile.

Dani wake Yakub,
Roselyn


Suna, Migori
12 Machi 2023

Mkwe wangu Roselyn,

Salamu nyingi, na poleni na jua. Huku tunajiandaa na Ramadhani, wateja wanapekua madera kama kuku. Sikio ni lilelile.

Wallahi nimecheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote hii mimi nimenuna, kumbe mwanangu anaheshimiwa! Nilimsomea Zubair kile kipande chake. Akauliza, "Yaani akigeuka ndio ananiheshimu?" Nikamwambia ndio. Siku hiyo nzima alitembea kifua mbele. Sumayya naye nimemgombeza kwa kutuacha gizani, akasema alidhani ni jambo linalojulikana na kila mtu duniani. Njugu zilikuwa tamu.

Lakini mwenzangu, mimi si mwanafunzi wa darasa la tatu. Hujajibu yote.

Mila imenieleza kuhusu Zubair. Haikunieleza kigoda. Kwenye zulia walikuwa wanawake peke yao, hakuna mkwe hapo. Jikoni kwangu pia Zubair haingii, na ndiko nilikokupa maji ukasema huna kiu, na jasho linakutiririka. Ulikuwa umejifunga leso mbili juu ya gauni, joto lile la Desemba. Ukaliacha zulia ukachagua plastiki, kitu kinachopanguswa. Na ulipoinuka ulikipangusa, kwa pembe ya leso, haraka haraka, ukidhani hakuna anayetazama. Nimeuza nguo tangu nilipoletwa hapa kutoka Mombasa nikiwa bibi harusi. Najua mwanamke anajifunga leso vipi akiwa mzima na anajifunga vipi akiwa ana kitu.

Kwa hiyo nakuuliza wazi, na karatasi haina masikio. Je, kizazi kimeshuka? Mkojo unakutoka bila ruhusa yako?

Usiruke. Nakuuliza kwa kuwa mimi kimenishuka. Ni kuzaa kwingi, na kubeba marobota ya nguo nilipokuwa kijana. Nilianza kwa kuhisi kama nimekalia yai. Baadaye nikikohoa, maji. Nikicheka, maji. Nikainama kurukuu, maji. Nikaacha kwenda darasa la akina mama msikitini, nikasema ni sikio. Mwishowe nikamwendea mwalimu wetu wa kike, nikamwambia huku nimejifunika uso kwa mtandio. Akaniambia, tawadha kwa kila sala inapoingia, kisha sali, sala yako haina kasoro. Halafu nenda hospitali, usikae nayo kama siri ya serikali. Nikaenda. Nimewekwa pete ya mpira ndani, inashikilia mambo yasiteremke, na nesi huitoa akaisafisha, akairudisha. Leo nakohoa ninavyotaka.

Hilo ndilo langu. Lako ni lipi?

Bibi yake Yakub,
Ruqia


Suna, Migori
20 Juni 2023

Mkwe wangu,

Salamu. Idd imepita, ya pili inakuja, na kwako kimya. Sumayya anasema u mzima, ulipiga simu kuuliza mtoto. Basi ni mimi ninayekimbiwa.

Pengine nilipita mpaka. Mimi mdomo wangu hauna kizuizi, hata marehemu mume wangu alisema hivyo. Nimekutumia kifurushi cha vitambaa vya flana, nimevikata na kuvipinda mwenyewe. Kama huna kazi navyo, pangusia meza.

Ruqia


Lambwe
27 Agosti 2023

Kwa Mama Zubair,

Amosi. Natumaini nyote ni wazima. Mvua hapa ilikuja ikaenda. Nimepanda viazi vitamu.

Barua yako ya Machi niliichoma jikoni. Ulinivua nguo kwa kalamu na sikukutuma. Nilikasirika wiki nyingi. Halafu vile vitambaa vikaja, na havikuwa na maneno mengi. Nimevitumia vyote.

Nitakuandikia mara moja tu, kwa hivyo soma vizuri.

Ni kweli. Ilianza nikibeba maji kutoka bwawani, mwaka ule mfereji ulipokatika. Sasa kuna kitu hutoka, nakirudisha kwa mkono, na mkojo unatoka wenyewe. Sinywi maji kabla ya safari. Nikienda mahali nachagua kiti kigumu, karibu na mlango. Umoja wa akina mama nimeacha, kwaya nimeacha. Kanisani nakaa nyuma na kutoka kabla ya mahubiri kuisha, watu wanasema mwalimu anaringa. Siku ya akika nilitaka sana kumshika mtoto akinyolewa. Nilikuwa nimeloa. Nilijua nyinyi huoga kabla ya kusali na zulia lile mnasalia juu yake. Nikaona heri mseme nina kiburi. Mila ilinisaidia kujificha, na mimi nilifurahi kuwa ipo.

Shemeji yangu Marion, anayekaa boma la pili, amesema hii ni chira, laana ya kuvunja mila. Anasema imenijia kwa sababu nilikataa kurithiwa baada ya mume wangu kufa, na kwa sababu Irine alitoka kwenye dini. Mimi nimesoma, siamini chira. Lakini nikiwa peke yangu nikifua, mara nyingine naamini.

Usiniambie niende zahanati ya hapa. Nesi ni Jacktone. Nilimfundisha kuandika herufi. Siwezi kupanda kitanda mbele ya Jacktone.

Na usiniambie nije Migori. Umesema wewe mwenyewe nesi hutoa na kurudisha, maana yake si kuja siku moja. Nitalala wapi? Kwa Irine ni kwa Zubair, na kwa Zubair silali. Hilo si la kujificha, hilo ni la kweli.

Naona aibu, Ruqia. Nimechoka kuona aibu. Basi.

Dani wake Yakub,
Roselyn


Suna, Migori
10 Septemba 2023

Roselyn dada yangu,

Sikuiti mkwe tena leo. Salamu za moyo.

Barua nimeisoma, nimeikunja, nimeitia kifuani. Sikulia, nilikuwa dukani. Nyumbani ndiko nilikolia. Lile zulia, mwenzangu, Yakub mwenyewe ameshalikojolea zaidi ya watu wote wa Migori na tunalifua tu. Ungeniambia.

Kuhusu Jacktone nimekuelewa. Hata mimi nisingeweza.

Hapa kuna daktari mwanamke anayetazama mambo haya, ana siku zake za kliniki, nimeshakuulizia. Utalala kwangu, si kwa Zubair. Nyumba hii ni yangu, niliachiwa mimi, jina langu ndilo liko kwenye karatasi. Najua utasema Zubair huja kula kwangu kila mchana na kila jioni, na atakukuta sebuleni unatafuna. Nimelifikiria. Nimemfukuza.

Nilimwita nikamwambia, "Mama mkwe wako anakuja kwangu kwa matibabu ya wanawake. Tangu siku atakayofika hadi siku atakayoondoka, wewe mwisho wako ni geti." Akasema, "Mama, hii ni nyumba niliyozaliwa." Nikamwambia, "Ndio, na ulitoka." Akauliza atakula wapi. Nikamwambia ana mke. Akafikiri kidogo, akasema kama ni kwa heshima ya maro, sawa. Ametamka hilo neno vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo huna sababu iliyobaki. Au unayo? Iandike niitafutie dawa nayo.

Njoo mwezi wa kumi. Kunywa maji njiani kama mtu.

Dada yako,
Ruqia


Lambwe
3 Desemba 2023

Kwa dada yangu Ruqia,

Amosi. Nilifika salama. Kuku wote wapo, isipokuwa mmoja ambaye Marion anasema alichukuliwa na kicheche. Kicheche huyo nadhani ana sufuria.

Nakuandikia kwanza kushukuru, erokamano. Mdomoni sikuweza, ulikuwa unaongea wewe. Pete ya kwanza iliteleza, wajua, nikadhani ndio mwisho. Ya pili imekaa. Jumapili iliyopita nilikaa kanisani mstari wa pili kutoka mbele, kwenye mto, mpaka matangazo yote yakaisha, hata yale ya harambee. Marion aliniangalia tu. Nilikuwa nimekunywa chai kabla ya kutoka. Sijui kama mtu ambaye hajapita huku anaweza kuelewa furaha ya kunywa chai kabla ya kwenda kanisani. Wewe unaelewa.

Nashukuru pia kwa Zubair. Hujui haya kwa sababu ya sikio lako, kwa hivyo nakueleza. Kila jioni ukienda kusali, yeye alikuja akakaa nje ya geti, juu ya kreti ya soda. Mimi nilikuwa ndani, kwenye ngazi ya mlango. Hakuniona, sikumwona, mabati yalikuwa katikati. Siku ya kwanza alikohoa. Akasema, "Mama, umekula?" Nikasema nimekula. Akaondoka. Siku iliyofuata akauliza kama pete, alisema "ile dawa", inauma. Nikasema haiumi. Baadaye tulianza kuongea vitu vingine, bei ya njugu, na vile Irine alikuwa mtoto mkaidi. Alicheka sana kwa hadithi ya Irine na bata. Tangu aoe sijawahi kuongea naye hivyo. Ni mwanamume mzuri. Nakuambia wewe, siwezi kumwambia yeye.

Sasa la pili. Na mimi nitakuuliza wazi, kama ulivyoniuliza.

Asubuhi ile nilipokutangulia bafuni, nilikuta beseni chini ya sinki limefunikwa kwa sahani. Nilidhani ni nguo zangu, nikafunua. Zilikuwa zako. Ruqia, ile ilikuwa damu. Na si ya siku moja, nyingine ilikuwa imekauka. Wewe na mimi hedhi zetu zilikwisha zamani. Niliuliza nesi wa kliniki bila kutaja mtu. Alisema mwanamke akishaacha hedhi, damu ikirudi, hata tone, aende apimwe, asingoje.

Umekwenda?

Dada yako,
Roselyn


Suna, Migori
8 Januari 2024

Dada yangu Roselyn,

Salamu na heri ya mwaka. Nimefurahi mno kwa habari ya kanisa. Marion mwache na kicheche wake. Yakub anatembea sasa, amevunja kioo cha duka, baba yake akamsifu kwa nguvu. Khanga mpya zimeingia, kuna moja ya buluu nimekuwekea. Huku joto. Bei ya sukari imepanda tena. Zubair haachi kukuulizia, na ile kreti amekataa isiondolewe getini.

Ile damu ni pete tu, inakwaruza. Nesi aliwahi kusema inaweza kukwaruza. Usijitie hofu.

Dada yako,
Ruqia


Lambwe
11 Februari 2024

Ruqia,

Amosi. Hapa ni wazima.

Nilikuuliza kama umekwenda. Hujajibu. Umeniandikia sukari.

Mimi pia nina pete na hakuna damu. Kama inakwaruza, nesi ataona inakwaruza, atakuambia, utarudi nyumbani. Wewe hukutaka nibaki na mila kama kisingizio. Mimi sitaki ubaki na pete.

Sitamwambia Irine. Sitamwambia Zubair. Lakini nitakuandikia kila wiki swali hilo moja, na kila barua nitaifunga kwenye gunia la viazi ili uibebe.

Roselyn


Suna, Migori
18 Aprili 2024

Dada yangu,

Salamu. Idd ilikuwa njema. Viazi vimetosha, tafadhali, watu wanadhani nimefungua duka la pili.

Nimekwenda.

Ramadhani ndiyo iliyonikamata. Kila siku naona damu, sijui nifunge au nifungue, sijui ni hedhi imerudi ikiwa kizee au ni nini. Nikarudi kwa yule mwalimu wetu, akaniuliza, "Bi Ruqia, daktari kasemaje?" Nilikuwa nakuhubiria wewe huku mimi mwenyewe nimefunika beseni kwa sahani. Nilijua, dada. Moyoni nilijua si kukwaruza. Niliogopa kutajiwa jina lake.

Daktari akatoa pete, akatazama, akachukua kipande kidogo kikapelekwa kupimwa. Ni saratani, ya ndani ya kizazi. Amesema imeonekana mapema, bado imo humohumo, wakikitoa kizazi chote kuna matumaini makubwa. Kimekuwa kikitaka kutoka miaka yote hii, sasa kitatolewa kabisa na kitajua adabu.

Watanipeleka Kisumu mwezi wa tano. Lazima mwanamke awe nami wodini, wa kunigeuza na kunisikilizia daktari anasema nini. Sumayya amesema ni yeye, hataki mabishano. Zubair lazima abaki na duka. Yakub ameshaachishwa ziwa, lakini hana wa kumlea, na kila msichana wa kazi tuliyemjaribu anamkataa, anamlilia mama yake mpaka anatapika. Mtu pekee aliyemnyamazisha upesi ni wewe, ulipokuwa hapa.

Sikuombi. Najua maro halali kwa mkwe, na kwangu hapafai, mtoto akiamka mahali pengine hasinzii tena, anataka kitanda chake. Nimekuandikia tu ili ujue mambo yalivyo.

Naogopa, Roselyn. Niombee kwa Mungu wako na wangu, ni yuleyule.

Dada yako,
Ruqia


Nyumbani kwa Zubair
Suna, Migori
9 Mei 2024

Kwa dada yangu Ruqia, wodini Kisumu,

Amosi. Irine akusomee hii polepole, kwa sikio la kushoto. Alipiga simu jana akasema umeamka na ulichosema kwanza ni kulalamika kuhusu shuka za hospitali. Niliposikia hivyo nilikaa chini nikamshukuru Mungu kwa sauti. Pole kwa kisu. Usinyanyuke kwa haraka, usibebe kitu, na ukitaka kukohoa shikilia mto tumboni.

Mtoto hajambo. Analala, anakula, analia asubuhi kidogo akikumbuka mama yake, kisha anasahau. Anaita kila kuku "dani".

Umeona mahali nilipoandikia. Marion alisema nikilala hapa nitaleta chira ya kumaliza ukoo. Nilimwambia chira amenitisha nayo miaka mingi, na kumbe iliyokuwa inanisumbua ilitibika kwa mpira. Hata hivyo sikuja kwa kichwa kigumu. Nilimwuliza mzee wa ukoo wa marehemu mume wangu, akasema mambo kama haya hayakuwa yamefikiriwa na waliotuachia mila, niende, nitulie. Zubair naye, kabla sijafika, alikuwa ameondoa kitanda chake na nguo zake. Analala dukani juu ya marobota ya madera. Alikuja tu kila asubuhi na mkate, akabisha mlangoni, akauacha kwenye kizingiti, akaondoka kabla sijafungua.

Leo asubuhi kulikuwa na mvua, ile ya kupasua mabati. Alibisha. Nilingoja aondoke. Hakuondoka, barabara ilikuwa mto. Nilimsikia amesimama chini ya paa, mkate umeshikwa mkononi, na maji yanamwagika mpaka kwenye mlango. Yakub akaanza kupiga kelele, "Baba, baba." Nikafikiria ile kreti ya soda getini kwako. Nikafikiria wewe ukimfukuza mtoto wako kwa ajili yangu.

Nikafungua. Nikasema, "Ingia, nyathina, mwanangu, usilowe."

Aliingia akasimama karibu na mlango, hajui aweke wapi miguu. Kile kigoda cha plastiki kilikuwa hapo hapo, sijui nani alikileta huku kutoka kwako. Akakaa juu yake, upande upande. Mimi nilikuwa nimetandika lile zulia lako, nililochukua kwako, kwa ajili ya mtoto. Nilikaa katikati yake, na Yakub mapajani. Nikamimina chai vikombe viwili, nikamsogezea kimoja. Halafu nikachukua mkate nikatafuna.

Yeye ndiye aliyegeuza uso ukutani.

Pona urudi.

Dada yako,
Roselyn